Kidakuzi na Ridhaa: Habari za Hodi Mpya ya Ulaya

Mtu akifungua leo gazeti la Paris au duka la Berlin katika simu yake, hakaribishwi mara moja. Mbele ya habari husimama kibao chenye maneno mengi, kikimwomba akubali vidakuzi. Watu walio wengi hubonyeza neno la kukubali kama mtu afukuzaye nzi, wakaendelea na shughuli zao. Yamkini wewe msomaji umefanya hivyo asubuhi ya leo. Walakini kibao kile kina ukoo mrefu. Katika wazee wake wamo majaji, wabunge na mafundi wa kompyuta. Na ukiufuata ukoo huo kwa kurudi nyuma, utafika kwenye moto uliowashwa usiku katika mji wa Amsterdam, wakati wa Vita Kuu vya Pili vya Dunia.

Kwetu sisi mgeni hasukumi mlango. Hupiga hodi, na asipojibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka bila kinyongo. Neno la "karibu" ndilo limpalo ruhusa ya kuingia, wala hakuna mtu mwenye adabu aliyewahi kudai kwamba kimya cha mwenye nyumba ni karibu. Sheria za Ulaya juu ya vidakuzi zimetumia zaidi ya miaka ishirini kujifunza jambo hilo hilo, kwa gharama kubwa na mashauri mengi. Nasi tukizisoma, tutafakari swali moja: mtu apigaye hodi huku mguu wake mmoja umekwisha kuingia ndani, je, amepiga hodi?

Tuanze na moto huo. Kabla ya vita serikali ya Uholanzi ilikuwa imetengeneza daftari la wakazi lililosifiwa kwa unadhifu wake. Kila mtu alikuwa na kadi yake, na juu ya kadi yaliandikwa jina, siku ya kuzaliwa, mahali akaapo, na hata dini yake. Hapakuwa na nia mbaya. Ilikuwa kazi ya makarani waliopenda utaratibu. Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yakaivamia nchi, yakalikuta daftari liko tayari. Mwaka wa 1941 Wayahudi wote wakaamriwa kujiandikisha, na tangu hapo kumtafuta Myahudi kukawa kazi ya karani aketiye mezani, si ya askari aulizaye nyumba hata nyumba.

Usiku wa tarehe 27 Machi 1943, wazalendo wachache, miongoni mwao mchongaji wa sanamu Gerrit van der Veen na mchoraji Willem Arondeus, walivaa mavazi ya polisi, wakaingia katika jengo la daftari la Amsterdam, wakawalaza walinzi kwa sindano za dawa, wakazitawanya kadi na kuzilipua kwa baruti. Ni sehemu tu ya kadi iliyoteketea. Watu kumi na wawili walipigwa risasi kwa ajili ya tendo hilo tarehe 1 Julai mwaka ule ule, Arondeus akiwa mmoja wao. Na katika Wayahudi kiasi cha 140,000 waliokuwako Uholanzi, zaidi ya 100,000 waliuawa kabla vita havijaisha.

Sisemi kwamba kidakuzi cha duka la viatu ni sawa na kadi zile. Kusema hivyo kungekuwa kuwadharau waliokufa. Nasema tu kwamba kizazi kilichotunga sheria za kwanza za faragha katika Ulaya kilikuwa kimeona kwa macho yake jinsi orodha isiyo na ubaya ibadilikavyo ikiangukia mikono mingine, bila ya kuongezewa hata neno moja.

Kwa hiyo kompyuta zilipoanza kuingia katika ofisi za serikali, watu hao walishtuka mapema. Jimbo la Hesse, katika Ujerumani ya Magharibi ya siku zile, lilipitisha mwaka wa 1970 sheria ya kwanza duniani ya ulinzi wa data. Swideni ikafuata mwaka wa 1973. Huko Ufaransa wakuu wa serikali walikusudia kuunganisha mafaili yote ya raia kwa namba moja, na mpango huo wakaupa jina la SAFARI, lililofanyizwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kifaransa. Neno hili ni letu, lakini Ulaya lilikuwa limekwisha kupata maana ya kwenda kuwinda wanyama wa Afrika. Mwezi wa Machi 1974 gazeti la Le Monde likautoboa mpango ule, likawaambia wasomaji wake kwamba safari hii wanyama wawindwao ni Wafaransa wenyewe. Kelele zikawa kubwa, mpango ukaachwa, na mwaka wa 1978 ikatungwa sheria iliyounda tume iitwayo CNIL ili ilinde uhuru wa raia mbele ya kompyuta. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Lakini aliyeandika fikira ya msingi ni mahakama. Ujerumani ya Magharibi ilikusudia kuwahesabu watu wake mwezi wa Aprili 1983. Bunge lilipitisha sheria bila ya ubishi mkubwa. Walioinuka ni wananchi wa kawaida, walioogopa kwamba majibu yao yatalinganishwa na daftari za wakazi mijini na kuwafuata maisha yao yote. Mahakama ya Katiba, iliyoko Karlsruhe, ikazuia hesabu ile wiki mbili kabla ya siku yake, na tarehe 15 Desemba 1983 ikatoa hukumu. Ilisema kwamba kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe habari zake zitolewe kwa nani na kwa kazi gani. Ikaongeza jambo ambalo mimi naliona lenye kina zaidi: kwamba zama za mashine zimeondoa ile habari tuliyozoea kuiita ndogo isiyo na maana, kwa kuwa mashine yaweza kuiunga na nyingine elfu hata sura ya mtu ikatokea. Hesabu yenyewe haikufanyika mpaka mwaka wa 1987, chini ya sheria mpya.

Majaji wale walikuwa wakizungumza juu ya serikali. Hawakuweza kujua kwamba baada ya miaka kumi na mmoja tu, ng'ambo ya bahari, kijana mmoja angebuni kitu kidogo ambacho kingeufanya ubashiri wao uwe kweli katika biashara.

Kijana huyo alikuwa Lou Montulli, fundi wa programu katika kampuni ya Netscape huko Marekani, na mwaka ulikuwa 1994. Shida iliyomkabili ilikuwa ya haki. Mtandao wa wakati ule ulikuwa kama muuza duka asiye na kumbukumbu kabisa. Mnunuzi huingia, akachagua sahani. Akigeuka kuchagua kikombe, muuza duka amekwisha msahau, humwona kama mtu mpya. Kila ukurasa ulioombwa ulikuwa mwanzo mpya. Kwa namna hiyo hapangewezekana kikapu cha manunuzi, wala kuingia kwa nywila, wala kukumbukwa lugha ya msomaji. Njia moja ilikuwa kukipa kila kivinjari namba ya kudumu, ionekane na kila tovuti. Montulli aliikataa njia hiyo, kwa sababu ingewezesha watu kufuatwa popote waendapo. Badala yake alitunga utaratibu ambao tovuti humpa mgeni kipande kidogo cha maandishi, kama kile kikaratasi chenye namba apewacho mtu awekaye mzigo wake kwa mlinzi. Kivinjari hukitunza, na mgeni arudipo hukionyesha kwa tovuti iliyokitoa peke yake. Jina alilichukua katika msemo wa mafundi wa kompyuta, wakaao wakakiita "kuki", yaani biskuti. Wafasiri wetu wamekiita kidakuzi.

Basi hila iliingiaje? Iliingia pembeni. Ukurasa mmoja wa tovuti waweza kujengwa kwa vipande vitokavyo mahali pengi. Habari yatoka kwa gazeti, lakini tangazo lililo pembeni latoka katika kompyuta ya kampuni ya matangazo. Na kampuni hiyo nayo, kwa kuwa imeombwa kipande, yapata nafasi ya kuacha kidakuzi chake. Saa moja baadaye mtu yule yule asoma juu ya dawa za ugonjwa wa sukari katika tovuti nyingine, na pembeni pana tangazo la kampuni ile ile. Kikaratasi ni kile kile, namba ni ile ile. Kesho atafute nyumba ya kupanga, keshokutwa habari za chama cha siasa. Kampuni haina haja ya kujua jina lake. Imepata kile ambacho Montulli alikikwepa, na imekipata kwa chombo alichokitengeneza ili kukikwepa.

Kwa muda watu hawakujua. Vidakuzi vilikuwa vikiingia kimya kimya, na mpaka gazeti la Financial Times lilipoandika juu yake mwezi wa Februari 1996 ndipo umma ulipoanza kuuliza. Mafundi wenyewe waliona hatari. Mwezi wa Februari 1997 kanuni ya kiufundi iliyoandikwa na David Kristol pamoja na Montulli ilishauri kwamba vivinjari visipokee vidakuzi vya watu wa pembeni ila mwenye kompyuta apende. Vivinjari vikubwa viwili vya wakati huo havikuufuata ushauri. Biashara ya matangazo ilikuwa imekwisha kuota mizizi, na mwenye nguvu ya kufunga mlango aliona faida kuuacha wazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo njia mbili zilipoachana; yote yaliyofuata katika sheria yalikuwa jitihada ya kurudisha kwa maneno kile kilichoachwa kwa uamuzi wa kiwandani.

Umoja wa Ulaya ulikuwa na Agizo la ulinzi wa data tangu 1995, ila halikutaja vidakuzi. Mwaka wa 2002 likatoka Agizo jingine juu ya faragha katika mawasiliano. Hili lilisema kwamba mtu atakaye kuweka habari katika chombo cha mtu mwingine, au kuisoma iliyomo, amweleze mwenyewe kwa uwazi na ampe nafasi ya kukataa. Angalia neno hilo: nafasi ya kukataa. Mgeni aliruhusiwa kuingia, na mwenye nyumba aliruhusiwa kumfukuza akimwona. Mwezi wa Novemba 2009 Agizo lilibadilishwa, na badala ya nafasi ya kukataa ikawekwa ridhaa. Sasa hodi ikawa ya lazima kabla ya kuingia. Nchi zote zilitakiwa kuiingiza katika sheria zao kufikia tarehe 25 Mei 2011, na Uingereza, iliyokuwa bado ndani ya Umoja, ikawapa wenye tovuti zake mwaka mmoja zaidi wa kujitayarisha.

Hapo ndipo vibao vilipozaliwa. Na vingi vilizaliwa na kilema. Kwa kawaida viliandika kwamba ukiendelea kusoma umekubali. Jibu lilikuwa moja, na hata asiyejibu alihesabiwa kuwa amejibu. Tena vidakuzi vilikuwa vimekwisha kuwekwa kabla msomaji hajamaliza kusoma sentensi ya kwanza. Mguu ndani, hodi mdomoni.

Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data, iliyopitishwa Aprili 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ilikuja kukaza fundo. Ilieleza ridhaa kuwa ni jambo la hiari, la kazi iliyotajwa waziwazi, la mtu aliyeelezwa, na lenye kuonyeshwa kwa tendo lisilo na shaka. Adhabu yake yaweza kufika euro milioni 20, au asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kwa mwaka, kwa kufuata kilicho kikubwa zaidi. Na mkono wake ni mrefu. Hoteli ya Diani au Malindi yenye tovuti ya kuwavuta wageni walioko Ujerumani na Italia, ikiwatajia bei kwa euro, yaweza kujikuta chini ya Kanuni hiyo ijapokuwa haina hata chumba kimoja Ulaya. Tena Kenya yenyewe, ambayo Katiba yake ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, ilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwezi wa Novemba 2019 iliifasili ridhaa kwa maneno yaliyo karibu sana na hayo.

Shauri lililoiweka wazi maana ya tendo lisilo na shaka lilitoka Ujerumani. Kampuni iitwayo Planet49 ilichezesha bahati nasibu katika mtandao mwezi wa Septemba 2013. Chini ya fomu palikuwa na visanduku viwili, na kile cha vidakuzi kilikuwa kimekwisha kutiwa alama ya vema tayari. Asiyetaka alipaswa kuifuta. Chama cha kitaifa cha mashirika ya kutetea wanunuzi kikaishtaki. Wakili wa kampuni angeweza kusema, na neno lake lina uzito kidogo, kwamba mtu mwenye macho aliiona alama na akaiacha. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakataa. Haiwezekani kujua, ilisema, kama mtu aliyeiacha alama ameisoma au hata ameiona. Kutofanya neno si tendo. Ikaongeza kwamba mwenye tovuti hana budi kueleza kidakuzi kitakaa muda gani na kama watu wengine wataweza kukisoma.

Baada ya hukumu hiyo kuwaomba watu ridhaa kukawa kazi yenye mafundi wake. Mwenye tovuti yapasa kwanza avijue vidakuzi vyake mwenyewe, jambo gumu kuliko lisikikavyo, maana tovuti nyingi zimeshonwa kwa vipande vya programu za watu wengine, na kila kipande chaweza kuleta wageni wake. Vipande hivyo vizuiwe visifanye kazi mpaka jibu lipatikane. Jibu lihifadhiwe, ili likihojiwa lionyeshwe. Na aliyekubali apewe njia ya kuondoa ridhaa yake iliyo rahisi sawa na ile aliyoitolea. Kichekesho ni kwamba ili tovuti ikumbuke kuwa ulikataa vidakuzi, kwa kawaida hukuwekea kidakuzi. Lakini hicho sheria yakiruhusu, kama inavyoruhusu kikapu cha manunuzi na kingine cho chote kilicho cha lazima kwa huduma uliyoiomba. Jambo hili halijulikani sana: tovuti iliyo na vidakuzi vya lazima peke yake haina haja ya kuomba ridhaa. Kibao, basi, aghalabu ni ungamo la mwenye tovuti.

Wenye matangazo nao hawakulala. Walipolazimishwa kuuliza, walijifunza namna ya kuuliza. Kitufe cha kukubali kikawa kikubwa chenye rangi ya kung'aa. Cha kukataa kikafichwa nyuma ya ukurasa wa pili, kisha wa tatu, katikati ya majina ya mamia ya kampuni. Mtu mwenye haraka alikubali kwa uchovu. Tume ile ya Ufaransa, CNIL, ilipima jambo hilo kwa kuhesabu mibonyezo tu. Kukubali kulihitaji mbonyezo mmoja, na kukataa kulihitaji kadhaa. Kwa hiyo, ikasema, hiari haikuwapo. Kwa maamuzi ya tarehe 31 Desemba 2021 iliitoza Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60. Katika mwaka wa 2022 kitufe cha kukataa yote kikaanza kuonekana kwa Google katika Ulaya, sawasawa na cha kukubali. Mimi naona hesabu ile ya mibonyezo kuwa moja ya hoja safi kabisa katika habari hizi zote, maana hata mtoto aweza kuirudia kwa kidole chake. Lakini faini hazikukoma. Mwezi wa Septemba 2025 tume hiyo hiyo iliitoza Google euro milioni 325 na duka la Shein milioni 150, na makosa ya vidakuzi yalikuwamo katika mashauri yote mawili.

Huku nyuma vivinjari vyenyewe vilianza kuukumbuka ushauri wa 1997. Firefox ilianza mwaka wa 2019 kuzuia vidakuzi vifuatavyo watu. Kivinjari cha Apple, kiitwacho Safari, kilivifungia mlango vidakuzi vyote vya pembeni mwezi wa Machi 2020. Neno letu, lililokuwa jina la uwindaji huko Paris, safari hii lilisimama upande wa mwindwa. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba nayo ingefanya hivyo katika miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikauacha mpango.

Watunga sheria nao wamechoka pamoja na wasomaji. Sheria mpya ya faragha ya mawasiliano iliyopendekezwa mwaka wa 2017 ilizungumzwa miaka minane, na mwaka wa 2025 Tume ya Ulaya ikatangaza kuiondoa. Tarehe 19 Novemba mwaka huo huo Tume ikaleta pendekezo jingine kwa Bunge na Baraza. Linataka kukataa kuwe kwa mbonyezo mmoja, na aliyekataa asiulizwe tena jambo lile lile kabla ya miezi sita kupita. Linataka pia mtu aweze kukiambia kivinjari chake mara moja tu, nacho kimjibie kila tovuti kwa niaba yake. Ila magazeti na vyombo vingine vya habari, kwa kuwa huishi kwa fedha za matangazo, yameachiwa katika pendekezo hilo ruhusa ya kutosikia jibu la kivinjari, na kuendelea kumpigia msomaji hodi yenyewe.